Chuo cha Mikono Mitupu

Njia ya kufika Shwarini sitaieleza. Anayetaka kwenda atafika, na asiyetaka atapelekwa na shida zake, kama walivyopelekwa wengi niliowakuta huko. Mimi nilialikwa. Nimekuwa mkaguzi wa vyuo vya ufundi kwa muda mrefu kiasi kwamba nikiona turubai la mahafali na viti vya plastiki, mgongo huanza kuniuma kabla sijakaa. Nilidhani nimeachana na mambo hayo. Lakini Wizara ya Kukaribisha na Kuzuia ya nchi ile iliniita ikisema imefanya jambo lililoshindikana kwingine kote: imewapa wakimbizi wote ufundi bila mwananchi hata mmoja kupoteza kazi. Nije nione, kisha nikawaambie wengine. Nikasema haya, macho hayana pazia, na nyumbani nilikuwa nagombana na kuku tu.

Kitu cha kwanza nilichokiona Shwarini ni pini. Watu wa kule huvaa vitambaa vizuri vya bei, lakini kila mshono uliofumuka umebanwa kwa pini, na mtu akitaka kukaa hukaa kwa uangalifu. Mlango wa nyumba ya wageni niliyofikia ulifungwa kwa kamba. Juu ya kitanda changu ilining'inizwa ndoo ya kupokea maji ya mvua, na chini yake ndoo nyingine, kwa sababu ile ya kwanza ilikuwa imetoboka. Nilimuuliza mama mwenye nyumba kwa nini haiti fundi.

"Tunawasubiri, mzee wangu," alisema. "Bado wako chuoni. Utawaona mwenyewe, ni wengi mno, Mungu awabariki."

Asubuhi alikuja kunichukua Bi Salome Ngwale, mkuu wa Chuo cha Stadi za Wageni, mwanamke wa makamo, mpole, mwenye sauti ya mtu aliyesoma hotuba nyingi ambazo hakuziandika yeye. Alinipeleka kwanza kwenye karakana ya useremala. Wanaume na wanawake walikuwa wamesimama mbele ya meza, na wote walikuwa wanapasua mbao. Mikono ilikwenda na kurudi, mabega yalicheza, jasho liliwatoka kweli kweli. Mmoja aliinama akapuliza vumbi la msumeno. Ila msumeno haukuwepo, wala ubao, wala vumbi.

Nimezoea. Katika vyuo vyetu vifaa huchelewa. Mara vimekwama bandarini, mara vimepelekwa mkoa mwingine kwa makosa. Nikamwambia Bi Ngwale kwa huruma, "Poleni sana. Vifaa vitafika lini?"

"Havijachelewa," alisema. "Havitakiwi."

Akanieleza sheria, na naieleza hapa kama nilivyoielewa. Wakimbizi walipoanza kuvuka mpaka, Baraza Kuu la Shwarini liligawanyika. Upande mmoja ulisema mgeni akikaa bure atakula jasho la wenyeji, kwa hiyo afundishwe kazi. Upande wa pili ulisema mgeni akishika kazi atamnyang'anya mwenyeji tonge mdomoni, kwa hiyo azuiwe. Walibishana mpaka msimu wa mvua ukaingia na paa la Baraza likaanza kuvuja, wakawa wanabishana huku wanahamisha viti. Mwishowe akasimama mjumbe mmoja aliyekuwa hajasema kitu, akauliza: kazi ni nini hasa? Akajibu mwenyewe kwamba kazi ni mkono kukutana na chombo. Basi mkono wa mgeni ufundishwe kila kitu, ila usikutane na chombo. Pande zote mbili zilipiga makofi, kila mmoja ukiamini umeshinda. Ndiyo ikawa Sheria ya Mikono Mitupu.

"Na wenyeji wenyewe," nilimuuliza, "nani kati yao anafanya useremala?"

"Useremala ni kazi ya mwananchi."

"Nimekuelewa. Nauliza ni nani anayeifanya."

"Kazi ipo," alisema Bi Ngwale. "Imehifadhiwa."

Baadaye niliona jinsi ilivyohifadhiwa. Katika kila sebule ya Shwarini kuna msumeno, nyundo na mkasi vimetundikwa ukutani, vimepakwa mafuta na kufutwa vumbi kila sikukuu, kama picha ya babu. Vijana wa nyumba hizo hawavigusi. Wanasomea usimamizi wa mafunzo.

Nilikaa kwenye mtihani wa uashi. Kijana mmoja alijenga ukuta wa hewa kwa ustadi mkubwa, akapima kwa macho, akapaka plasta, kisha akasahau, akapita katikati ya ukuta wake kwenda kunywa maji. Akafelishwa pale pale. Alirudi kwenye foleni ya kuanza upya bila kulalamika, na hilo ndilo lililonichosha kuliko kufeli kwenyewe. Mtu anayelalamika bado anatarajia kitu.

Kwenye darasa la ushonaji ndiko nilikomwona Mwavita. Alikuwa mwanamke mrefu, mvi zimeanza pembeni, na alishona hewa vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona akishona kitambaa. Alilowesha ncha ya uzi kwa ulimi, akafumba jicho moja, akapenyeza. Kila mshono aliuvuta kwa upinde mpana, mkono ukipanda hadi juu ya kichwa kabla ya kushuka. Niliona ni ajabu, maana mshono wa kweli ni kitu kidogo cha karibu na kifua. Bi Ngwale, ambaye ndiye alikuwa mtahini, alinieleza kuwa hiyo ni Kanuni ya Mkono Kuonekana: mshono mdogo mtahini aliyekaa nyuma hauoni, na asichokiona hawezi kukipa alama. Walipoanza walikuwa wanashona kwa kifupi kama huko walikotoka. Ilichukua muda kuwanyoosha.

Mwavita alipomaliza, alichomeka sindano yake kwenye gauni, pale kifuani, kama mafundi wanavyofanya. Nikajikuta naogopa asije akajichoma.

Wakati wa mapumziko nilimfuata. Nilimwambia mimi ni mgeni, mkaguzi, na kwamba nimeona kazi yake.

"Umeona kazi yangu?" aliuliza. "Basi una macho makali, mzee."

Nilicheka, naye akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayelipa nauli. Nikamuuliza kama alijua kushona kabla ya kuja.

"Kwetu nilikuwa na duka la ushonaji. Bibi harusi akikosa gauni langu, wazee walikuwa wanasogeza harusi mbele. Si majivuno, muulize yeyote tuliyetoka naye."

"Sasa kwa nini unafundishwa tena?"

"Kwa sababu ile ilikuwa mikono iliyoshika. Hapa haihesabiwi." Akanihesabia polepole, bila hasira: alifaulu ushonaji, akaambiwa soko la washonaji bado linafanyiwa utafiti. Akapelekwa uokaji, akakanda unga usiokuwepo. Akapelekwa ususi, akasuka vichwa bila kuvigusa. Sasa amerudishwa kwenye ushonaji kwa mafunzo rejea. "Nilipofika hapa mama yangu alikuwa anakwenda kisimani kwa miguu yake na kurudi anaimba. Sasa hivi hawezi hata kugeuka kitandani mpaka nimshike."

Kisha akaangalia nyuma kama kuna mtu, akasema, "Mzee, wewe watakusikiliza. Mimi sitaki ajira. Nataka kuazimwa sindano na mkasi, siku moja tu. Twende ukamwone mama, utaelewa."

Kambi ilikuwa nyuma ya chuo. Mama yake, Bibi Mapendo, alikuwa amelazwa kwenye mkeka mlangoni ili apate hewa, mwili umekwisha, macho yako macho. Nilimwamkia shikamoo, nami si kijana. Aliitikia, akanitazama juu mpaka chini.

"Huyu naye amekuja kutufundisha nini?"

"Hafundishi, mama. Anakagua."

"Ah. Karibu ukague, baba. Binti yangu amenishonea magauni mengi sana katika nchi hii. Yote ya upepo. Uzuri wake hayahitaji kufuliwa."

Chini ya mto wake kulikuwa na kitambaa. Mwavita alikitoa akakifungua: buluu iliyokolea, chenye maua madogo ya manjano, kimekunjwa muda mrefu mpaka mikunjo imekuwa myeupe. Ndicho kitu pekee alichotoka nacho bibi yule nyumba ilipowaka. Walikimbia, mwingine ameshika sufuria, mwingine mtoto, yeye ameshika kitambaa. Kwao mwanamke mzee huzikwa na gauni la marinda lenye mabega yaliyoinuka, na gauni hilo hushonwa na binti. Asipolishona binti, ni kama hakuzaa.

"Nikifika huko waliko wazee wangu," alisema Bibi Mapendo, "sitaki waniangalie kama kitu kilichookotwa. Wajue huyu ni Mapendo, na ana mtoto mshonaji. Basi. Sina hitaji jingine."

Nilimuuliza Mwavita kwa nini hakutafuta sindano kwa siri. Pini zote zile mjini! Alinitazama kama mtu anavyomtazama mgeni. Kulikuwa na baba mmoja aliyekamatwa anagonga msumari kwenye kitanda cha mwanawe. Familia nzima ilirudishwa mpakani kwa miguu, na sindano ina adhabu ile ile. "Mama hawezi safari hiyo," alisema. "Nitamuua ili nimvishe?"

Nilitoka pale nimekasirika, na hasira kwa umri wangu ni mzigo. Inataka mtu apande nayo ngazi. Nilipanda ngazi za wizara. Waziri wa Kukaribisha na Kuzuia, Mheshimiwa Kizito Lupembe, alinipokea kwa mikono miwili. Alikuwa mtu mchangamfu, suruali yake imebanwa kwa pini upande mmoja kuanzia kiunoni mpaka gotini, na alikuwa amejifunza kutembea bila kuinama. Kabla sijamaliza sentensi ya kwanza alisema nimekuja siku njema, kwani Baraza lilikuwa linajadili suala lile lile. Akanishika mkono tukaingia.

Suala lenyewe lilikuwa kastabini, kile kikofia kidogo cha chuma ambacho mshonaji huvaa kidoleni asichomwe. Bi Ngwale alikuwa ameomba wanafunzi wake waruhusiwe kuvaa, ili vidole vizoee walau kitu kimoja. Mjumbe wa upande wa Kukaribisha alisema kastabini haikati wala haitoboi, kazi yake ni kuzuia maumivu, kwa hiyo ni dawa. Mjumbe wa upande wa Kuzuia akaruka.

"Mheshimiwa Spika, leo kidole, kesho mkono mzima!"

Makofi. Mzee mmoja aliyekuwa amefumba macho muda wote alisema kastabini ni vazi. Akauliza, je, soksi ni chombo cha kazi? Mwingine akamjibu kwamba soksi zake yeye zinafanya kazi kubwa kuliko wajumbe wengi. Wakacheka, wakapigiwa kengele, wakaendelea mpaka jua likahama dirisha. Azimio lilikuwa hili: mgeni anaruhusiwa kumiliki kastabini, ila wakati wa mafunzo ikae mfukoni. Asiye na mfuko ashonewe, atakapopatikana fundi.

Hakuna aliyecheka hapo. Nilitazama safu zote nikitafuta uso mmoja tu ulioshtuka. Niliona watu waliochoka wanaokusanya makaratasi yao waende kula, na wengi wao hawakuwa watu wabaya. Ningewaelewa zaidi kama wangekuwa wabaya.

Tulipokuwa mezani nilimuuliza Waziri, "Mheshimiwa, tangu sheria ianze, ni wageni wangapi wameshika chombo?"

Alitafuna muda mrefu. Akasema sheria yenyewe ina kipengele kizuri sana, Kibali cha Kushika, kinachotolewa kwa mgeni aliyehitimu na mwenye uzoefu wa kushika. Nikauliza uzoefu huo ataupata wapi. Akasema kwa kushika. Nikauliza, na akishika bila kibali? Akasema hapo atakuwa mhalifu, na mhalifu hapewi kibali. Alisema haya kwa utulivu kabisa, kisha akasikia mwenyewe alichokisema, kijiko kikasimama njiani.

"Na wewe," aliniuliza, "taarifa yako utaisoma wapi?"

"Nitakakoalikwa."

Akaweka kijiko chini. Akasema kwa kweli wizara ilikuwa mbioni kutoa Kibali cha kwanza, ilikuwa inasubiri tu mgeni rasmi wa hadhi yangu. Je, ninaye mtu machoni? Nikamtaja Mwavita. Nikamweleza habari za gauni, naye akasema vizuri mno, binti na mama, watu watalia. Nilirudi kambini natembea kama kijana. Nilimwambia Mwavita. Alikaa chini, akafungua viganja vyake mapajani na kuvitazama, na mama yake ndiye aliyeshukuru kwa niaba ya wote wawili.

Siku ya sherehe lilifungwa turubai, vikapangwa viti vya plastiki, nami nikakaa cha mbele. Bendi ya chuo, wageni wote, ilipiga wimbo wa taifa bila ala yoyote. Tulisimama kimya mikono kifuani mpaka kiongozi wa bendi alipoinama kuashiria umekwisha. Bibi Mapendo aliletwa amebebwa kwenye kiti, amefunikwa shuka, akawekwa kivulini karibu na meza. Alikuwa amepungua hata tangu juzi yake. Waziri alihutubia. Kisha ukaletwa mkasi ulioshushwa kutoka ukutani kwa familia moja mashuhuri, na sindano, na uzi, vyote juu ya sinia lenye kitambaa cheupe, na Waziri akamkabidhi Mwavita huku wapiga picha wakisogea.

Mwavita alitandaza kitambaa chake mezani. Alikipapasa kwa kiganja, akakinyoosha, na hapo mikono ilikuwa bado yake. Kisha akauchukua mkasi, na nikaona kifundo cha mkono kinazama. Ulikuwa mzito. Alishtuka, akaangalia mkasi ule kama mtu aliyempa mkono rafiki na rafiki hakumjua. Akaupandisha kwenye kitambaa, akaanza kukata.

Mkono ulifanya ulichofundishwa. Ulikwenda kwa upinde, mpana, mzuri, wa kuonekana mpaka kiti cha mwisho. Mkasi ukapita palipopaswa kuwa kiuno, ukapanda, ukakata bega, ukatokea upande wa pili. Alisimama. Akakunja kitambaa upya, akajaribu kuokoa kipande kilichobaki, na mkono ukaenda vile vile tena. Akauacha mkasi akachukua sindano. Uzi ulikataa kupenya. Alikuwa anapenyeza mahali ambapo tundu halipo, kando kidogo tu, mahali ambapo lilikuwa likikaa miaka yote ile hewani. Hatimaye akapenyeza. Akavuta mshono wa kwanza juu ya kichwa chake na uzi ukakatika. Akavuta wa pili, sindano ikamwingia kidoleni, na doa dogo likaonekana kwenye maua ya manjano.

Watu walipiga makofi. Walisimama wakapiga makofi, na sikuona unafiki usoni mwa yeyote. Walikuwa hawajawahi kumwona mtu akishona. Waliamini ndivyo inavyokuwa. Waziri alifuta machozi. Bi Ngwale peke yake hakupiga. Alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Lete hapa," alisema Bibi Mapendo.

Mwavita alimpelekea vile vipande. Bibi alivishika kwa vidole vyake vikavu, akafuata kingo za mkato polepole, akarudi nazo.

"Nani amekata hiki?"

"Mimi, mama."

"Huu si mkono wako."

"Ni wangu, mama. Ndio huu walionipa."

Makofi yalikuwa bado yanaendelea. Bibi akavikusanya vipande vyote, akavikumbatia kifuani. "Basi nitafunikwa hivyo hivyo," alisema. "Usilie mbele yao."

Hakulia mbele yao. Bibi Mapendo alifariki kabla wiki haijaisha, na wanawake wa kambi wakamlaza kwenye ardhi ya Shwarini, vile vipande vya buluu vimetandazwa juu yake, kimoja begani, kimoja kiunoni, mahali ambapo gauni lingekuwa. Nilikuwepo. Ni mimi niliyeomba mkasi ule ushushwe ukutani, na sijui hadi leo kama nilimfanyia wema au nilimwibia tumaini ambalo lingemfikisha kaburini bila aibu.

Wizara haikuwa na shaka yoyote. Ilitangaza kuwa Kibali cha kwanza kimefaulu kupita kiasi, na kwa heshima hiyo Mwavita ameajiriwa, mgeni wa kwanza kabisa kuingia katika soko la ajira la Shwarini, kwa cheo cha Mkufunzi wa Ushonaji. Atafundisha kwa mikono mitupu, sheria ile ile. Waziri alinipigia simu kunipongeza kana kwamba mtoto ni wangu. Niliposikia kuwa Mwavita amekubali, nilimkasirikia. Nilijiambia, hata yeye! Ilikuwa hasira ya mtu mwenye tiketi ya kurudi kwao.

Kabla ya kuondoka nilipita chuoni kuaga. Darasa lilikuwa jipya, wanawake waliovuka mpaka karibuni, bado wana vumbi la njia machoni. Mwavita alisimama mbele, mkono ukapanda juu ya kichwa, ukashuka, nao wakamfuata. Aliwasahihisha kwa upole. Alikuwa mwalimu mzuri, na nilitamani asingekuwa.

Kengele ya mapumziko ilipolia sikuona mtu anayekwenda kunywa maji. Walitoka wakaenda moja kwa moja kwenye ua wa michongoma unaozunguka chuo, wakajipanga wameugeukia, kila mmoja na tawi lake. Walisimama kimya kama watu wanaosali. Niliposogea nikaona wanachofanya. Kila mmoja alikuwa ameweka ncha ya kidole juu ya mwiba, anabonyeza mpaka uso unakunjamana, anaachia, anabonyeza tena.

"Mwavita, mnafanya nini?"

"Tunaegemea ua, mzee." Aliongea akitazama mbele. "Mwiba ukiwa mtini si chombo. Ni ua wa serikali."

"Lakini wanaumia."

"Ndiyo. Hapo hapo sindano inapouma. Hewa haiumi, mzee, ndiyo maana mkono unasahau. Mimi sikulijua hilo mapema, nikawa nawafurahisha watahini tu. Darasani nawafundisha hawa wanavyotaka watahini, wafaulu, wasirudishwe kwenye foleni. Hapa nje kila mmoja apate maumivu yake kidogo kila siku, asisahau sindano ilipo. Kuna msichana pale ana baba mgonjwa. Ana kitambaa pia."

Bi Ngwale alikuwa amekuja nyuma yetu bila mimi kumsikia. Aliwatazama wale wanawake, akatazama vidole, na hakuna mtahini asiyeelewa alichokiona. Alisema ua umekuwa mrefu, ulitakiwa kukatwa tangu mwaka jana, ila kukata ua ni kazi ya mwananchi, na itabidi usubiri. Akageuka, akarudi ofisini taratibu.

Niliwaaga. Msichana yule mwenye baba mgonjwa alinipa mkono, na vidole vyake vilinikwaruza kiganjani, vimejaa vidonda vidogo vidogo. Kengele ikalia, wakaingia ndani kwa foleni. Mwavita alibaki nyuma. Alikuwa ameniambia pale penye miiba, bila kujionea huruma, kwamba mikono yake yeye imeshakwenda na hairudi. Nilikuwa nimefika langoni nilipogeuka kumpungia. Hakuwa ananitazama. Alidhani yuko peke yake. Alikuwa ameinua kidole chake mwenyewe, amekiweka juu ya mwiba, anabonyeza.